Mtoto anasoma vizuri kabisa, tatizo haelewi alichosoma

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka huku Mwanza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Ilemela, nafundisha Kiswahili darasa la nne na huu ni mwaka wa 15 nashika chaki. Nimesoma ile barua mliyoitoa ya msomaji aliyelalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kusoma kwasababu wamekuwa wavivu na simu zimewaharibu, nikakaa nayo siku mbili roho inaniuma, nikaona bora niandike tu maana mimi nashinda na hawa watoto kila siku na ninachokiona darasani sio hicho. Watoto wangu wengi kusoma wanajua, wanasoma mpaka nukta. Kinachowashinda ni kuelewa walichokisoma, na hilo ni tatizo jingine kabisa na dawa yake ni nyingine.

Nina binti mmoja, jina lake naliacha, mama yake anaanika dagaa pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki kando ya ziwa. Mwaka jana mwezi wa tatu nilimsimamisha asome habari ya ufahamu, ilikuwa inamhusu shangazi mmoja wa Pemba. Akasoma kwa sauti nzuri bila kukwama popote mpaka wenzake wakampigia makofi. Sasa kuna mahali habari inasema karafuu zilikuwa na siku ya pili uani, wingu jeusi likapanda kutoka baharini, shangazi akaacha chungu jikoni akakimbilia uani kukunja majamvi. Nikamuuliza, haya mwanangu, shangazi alikimbilia uani kuokoa nini? Akajibu, chungu. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena, vizuri vilevile, akajibu tena chungu, ila safari hii kwa sauti ya chini maana ameshajua kakosea ila hajui kakosea wapi.

Miaka yote ya nyuma ningeishia hapo. Ningemwambia kaa chini hukusoma kwa makini, ningeita mwingine, na kwenye daftari langu ningeandika dhaifu. Nalisema hili kwa uchungu kwasababu nikikaa nikawakumbuka watoto niliowakalisha chini namna hiyo ni wengi, na wapo niliokutana nao baadaye mtaani wanaosukuma toroli au wanabeba ndoo za sangara, na mtoto mwenyewe ukimsikiliza akiongea unaona kabisa huyu hakuwa mjinga.

Kesho yake nilimwita pembeni kabla ya kipindi, nikamuuliza mama yako akiona wingu limefunga kule ziwani anafanyaje? Hee, huyo mtoto aliongea. Akanieleza wanavyokusanya dagaa mbio mbio, anayeshika turubai ni nani na anayeshika fagio ni nani, kwamba dagaa wakilowa wanabadilika rangi na hawafai tena kwa chakula cha watu, unamuuzia mtu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na kwamba siku moja mama yake alimwacha mdogo wake analia ndani ili awahi kuanua. Nikamwambia sasa sikiliza, na karafuu nazo zinaanikwa juani, zinatandazwa kwenye majamvi kama mama yako anavyotandaza dagaa. Akanyamaza kidogo. Alafu akasema kumbe shangazi alikuwa anaokoa karafuu mwalimu, na chungu akakiacha kiungue kwasababu karafuu ndio hela yenyewe. Hilo la mwisho kwenye kitabu halipo, kalitoa kichwani mwake.

Sasa niwaambie wasomaji wenzangu kwanini tunadanganyika kirahisi. Kiswahili chetu kinasomeka kama kinavyoandikwa, ukishajua ba be bi bo bu na mwenzake nywa unaweza kusoma neno lolote hata ambalo halipo duniani, mwandikie mtoto ubaoni "mbalafiko" atalisoma vizuri tu na halina maana yoyote. Kuna watafiti, Seymour na wenzake, mwaka 2003 walilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya wakakuta watoto wa Finland, ambao lugha yao nayo inaandikwa kama inavyotamkwa, mwaka wa kwanza tu unaisha wanasoma maneno karibu yote bila kukosea, wakati wanaojifunza kwa Kiingereza bado wanahangaika. Sisi tupo upande wa Finland kwenye hilo. Ni neema kubwa, ila ina mtego wake, kwamba mtoto anaweza kukusomea ukurasa mzima huku ndani hamna kitu, na mzazi aliyekaa sebuleni anasikia sauti inatiririka anafurahi, mwalimu naye anafurahi, mkaguzi akipita anafurahi.

Nikiwa nasoma digrii ndio nikakutana na hizi tafiti kwa mara ya kwanza, mwalimu wetu wa saikolojia ya elimu alikuwa anatupa makala nyingi mpaka tunalalamika, ila mojawapo sijawahi kuisahau. Mwaka 1986 Gough na Tunmer walisema kuelewa unachosoma ni kama kuzidisha, namba ya kwanza ni uwezo wa kuyatamka maandishi na namba ya pili ni uwezo wa kuielewa lugha yenyewe ukiisikia kwa masikio. Hawakusema kujumlisha, walisema kuzidisha, na hapo ndipo penye utamu, maana ukijumlisha sifuri na tisa unabaki na tisa lakini ukizidisha unapata sifuri. Mtoto anayekwama kwenye silabi hataelewa hata awe na akili vipi. Na mtoto anayetiririka lakini lugha au mambo ya kwenye habari ni mageni kwake naye hataelewa. Kwenye mtihani wote wawili wanapata alama ileile, 12 kwa 50 tuseme, alafu tunawapeleka kwenye rimedio moja, yaani masomo ya ziada ya waliofeli, wanakaa benchi moja na wanapewa dawa moja. Ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria na aliyevunjika mguu panadol zilezile.

Hao wa silabi niwapitie haraka kwasababu kwao kidogo nchi imeshaamka, tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 kwa darasa la kwanza na la pili mambo ya sauti za herufi yanafundishwa vizuri kuliko zamani tuliposoma sisi. Kinachobaki ni wale wanaofika la nne bado wanasoma ki-ta-bu, ki-ta-bu. Kwao kinachosaidia ni kurudi kwenye sauti bila kuwaaibisha, na kurudia kifungu kilekile kifupi mara tatu nne mpaka kilainike mdomoni, jambo ambalo Samuels kule Marekani aliliandikia mwaka 1979, na sababu yake ni rahisi tu, kichwa kikitumika chote kupambana na silabi hakibaki na nafasi ya kushika maana. Ukifika mwisho wa sentensi umeshasahau mwanzo wake. Hilo halihitaji hela, linahitaji mtu wa kumsikiliza.

Hawa wa pili ndio wananinyima usingizi.

Naomba msomaji ufanye jaribio dogo. Soma hii: "Giza likiwa nene ndio kazi yenyewe. Wakishaziwasha wanatulia, wanasubiri wajikusanye, kelele hakuna. Mwezi ukijaa wanabaki nyumbani, na duka la jirani linaanza kukopesha." Kama upo Igogo, Kayenze au Ukerewe umeshacheka, umejua ni wavuvi wa dagaa na taa zao, na kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti kitu kwahiyo hamna kwenda ziwani na hamna hela. Ila kama upo Njombe au Dodoma kila neno hapo unalijua, hakuna hata moja gumu, na bado umebaki unajiuliza nani anamsubiri nani. Sasa hivyo ulivyojisikia ndivyo anavyojisikia mtoto wangu kila siku ya Mungu. Bransford na Johnson walilifanya jaribio la namna hii mwaka 1972 na watu wazima, waliwasomea habari isiyo na kichwa inayoeleza kazi ya kufua nguo bila kuitaja, wale walioambiwa mapema inahusu nini walielewa na kukumbuka vizuri, na walioambiwa baada ya kusikiliza haikuwasaidia. Yaani ukimwelezea mtoto baada ya kushindwa umechelewa, maelezo yanatakiwa yatangulie.

Na jingine la mwaka 1988, la Recht na Leslie, hili nikilieleza kwenye kikao cha wazazi huwa wananyamaza kabisa. Walichukua wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane Marekani, wengine wasomaji wazuri wengine dhaifu, na ndani ya kila kundi wapo wanaojua mchezo wa besiboli na wapo wasioujua. Wakawapa wasome habari ya mechi. Waliokuwa "dhaifu" ila wanaujua mchezo waliielewa ile habari kuwashinda "wazuri" wasioujua. Tulie kidogo hapo. Maana yake yule tunayemwita dhaifu ni dhaifu kwenye habari hiyo uliyompa wewe, ukimpa anachokijua anaweza kumpita kipanga wako. Binti wangu wa mwaloni ndio ushahidi ninao mimi mwenyewe, sikuhitaji kwenda Marekani.

Sisemi tuwafundishe habari za dagaa tu mpaka wamalize la saba, hapana, shule ipo ili mtoto avuke ng'ambo. Lakini feri ya Kamanga haikupakii katikati ya maji, inakuja mpaka ulipo ukapanda ndio ikuvushe. Kabla ya habari ya Pemba tunaongea dakika kumi kuhusu kuanika. Kabla ya habari ya bunge tunaongea jinsi kikao cha BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, kinavyoendeshwa, nani anakuwa mwenyekiti, kura inapigwaje. Kisha ndio vitabu vinafunguliwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, na walimu wenzangu naomba msinikasirikie maana najisema na mimi. Mtafiti mmoja mwanamama, Dolores Durkin, alienda kukaa kwenye madarasa Marekani kuangalia vipindi vya kusoma, na matokeo yake yakachapishwa 1978-79. Kwenye darasa la nne, darasa kama langu, alihesabu dakika 4,469. Unajua dakika ngapi katika hizo mwalimu alikuwa anawafundisha watoto namna ya kuelewa? 20. Muda mwingine mwalimu alikuwa anauliza maswali na kusahihisha, anagawa mazoezi, anaangalia nani kapata nani kakosa. Nilipoisoma hiyo namba nilikumbuka vipindi vyangu vyote, someni habari kisha jibuni swali la kwanza mpaka la tano, nikapita na kalamu nyekundu. Nilikuwa napima. Nilikuwa napima kila siku, sikuwahi kufundisha. Mkulima akienda shambani kila siku na mzani bila jembe atavuna nini?

Sasa unafundishaje kuelewa? Hapa ndio kuna habari njema na ndio maana nasema hili jambo lisiachwe. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walichukua wanafunzi wa darasa la saba wanaosoma kwa kutiririka ila hawaelewi, watoto wa aina ileile ninayoisema, wakawaweka kwenye vikundi vidogo na kuwafundisha kufanya mambo manne kila wanapomaliza aya: kukisia kinachokuja, kuuliza swali kama anavyouliza mwalimu, kufafanua palipowachanganya, na kufupisha aya kwa maneno yao. Mwanzoni mwalimu ndio anaonyesha, anaongea mawazo yake kwa sauti wakimsikia, alafu polepole watoto wanapokezana kuwa mwalimu wa kikundi na mwalimu mwenyewe anarudi nyuma. Siku kama 20 tu za vipindi, watoto wakapanda mpaka kuwakaribia wenzao wa kawaida, na mabadiliko yakaonekana hata kwenye masomo mengine kama sayansi.

Tusidanganyane pia, sio muujiza. Rosenshine na Meister mwaka 1994 walikusanya tafiti 16 za njia hii wakaona faida ni kubwa kwenye mitihani waliyoitunga watafiti wenyewe, lakini kwenye mitihani sanifu iliyokuwepo tayari faida ipo ila ni ndogo zaidi. Nalitaja kwasababu sitaki afisa elimu yeyote asome barua hii aamue wiki ijayo kila shule ifanye alafu mwezi wa tisa aulize mbona ufaulu haujaruka. Hii ni kazi ya taratibu.

Mimi nilijaribu na watoto 104, ndio, mia moja na nne, madawati hayatoshi wengine wanakaa chini. Makundi 13 ya watoto wanane wanane. Wiki mbili za mwanzo ilikuwa kelele tupu mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuniuliza kuna nini, na mwalimu mkuu akaniambia kwa upole kwamba silabasi haitamsubiri mtu. Wale waongeaji walikuwa wanashika kipindi chote na wanyonge wananyamaza. Nilichofanya nikakata vipande vya boksi nikaandika kila kimoja kazi yake, mkisiaji, muulizaji, mfafanuzi, mfupishaji, na vinazunguka, leo wewe kesho mwenzako, hakuna kuruka mtu. Hapo ndio wanyonge wakaanza kutoa sauti. Kazi ya kuuliza ndio iliwapa shida kubwa, mwanzo maswali yao yote yalikuwa "shangazi alikuwa anaitwa nani", "alikaa wapi", vitu ambavyo jibu lake lipo pale pale kwenye mstari. Ilichukua karibu mwezi mzima mtoto wa kwanza kuuliza swali linaloanza na kwanini ambalo jibu lake halijaandikwa popote, na kikundi kizima kikabishana. Nilitoka nje nikajifuta machozi, sioni aibu kusema.

Kuhusu hayo maswali ya jibu lisiloandikwa, Uingereza kuna watafiti wamelifanyia kazi miaka mingi, Jane Oakhill na Nicola Yuill, wakaona watoto wasioelewa shida yao kubwa ni kujaza mapengo, yaani mwandishi anasema mvua imeanza na mama kakimbilia uani na hasemi kuna nguo kwenye kamba, msomaji mzuri anaziona hizo nguo, hawa hawazioni. Walipofundishwa kutafuta maneno yanayodokeza jambo na kujiuliza maswali walipata faida kuliko wenzao waliopewa mazoezi ya kusoma haraka haraka. Naomba wazazi mnaolipia tuisheni za kusoma kwa spidi msikie hapo.

Na utafiti huu wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, ndio naupenda zaidi. Mwaka 2010 Clarke, Snowling, Truelove na Hulme walitoa matokeo ya watoto wa miaka 8 na 9 wenye shida ya kuelewa. Waliwagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likafundishwa mbinu za kwenye maandishi, kundi jingine likafundishwa kwa mdomo tu, misamiati, kusikiliza, misemo, kusimulia hadithi, la tatu likapata vyote viwili, na la nne likasubiri. Wiki 20. Makundi yote matatu yaliyofundishwa yalipanda. Ila walipowapima tena miezi 11 baada ya mafunzo kuisha, waliofundishwa kwa mdomo walikuwa wameendelea kupanda wenyewe kuliko wengine. Mdomo, jamani. Kuongea na kusimuliana. Kitu ambacho bibi zetu kule Magu na Kwimba walikuwa wanatupa bure jioni, kitendawili tega, na sisi tuliosoma tukakiona cha kishamba.

Hapo naomba niingize jambo la Kisukuma. Watoto wangu wengi nyumbani wanaongea Kisukuma, wengine Kikerewe au Kijita, Kiswahili chao ni cha mtaani na cha sokoni, na kile cha kitabuni ni kama lugha ya tatu. R na L zinawachanganya, mtoto anasoma "balabala" badala ya barabara na mwalimu anamkatisha hapo hapo, rudia, rudia tena, darasa linacheka, mtoto anarudia mara tano na ile sentensi imeshapotea. Nimekaa nyuma ya madarasa ya wenzangu nikaona mtoto ambaye ameielewa habari vizuri kabisa anakalishwa kwa ajili ya R, na mwenzake anayetamka kama mtangazaji wa redio anasifiwa na hajui kasoma nini. Matamshi tuyafundishe, ndio, ila kwa wakati wake. Kwenye ufahamu mwache amalize, muulize maana, na akishindwa kusema kwa Kiswahili mwache aseme kwa Kisukuma kisha mtafute wote neno la Kiswahili. Mimi nafanya hivyo na sijaona Kiswahili kimekufa.

Wanaosema haya ni ya watoto wadogo wakaangalie Fomu Wani. Mtoto katoka msingi wa Kiswahili, Januari anaambiwa Bailojia na Jiografia ni kwa Kiingereza, anayakariri manoti kama shairi, ukimuuliza hiyo fotosinthesisi ni nini anakurudishia sentensi ileile ya ubaoni. Ni ugonjwa uleule wa binti wangu na chungu, umehamia kwenye lugha nyingine na umekua.

Kwa wazazi, sina maneno mengi. Usimwambie mwanao "nisomee nikusikie" ukaishia hapo. Akimaliza mwambie nisimulie mimi sijasikia vizuri. Hata kama wewe hujui kusoma unaweza kufanya hivyo, tena mama wa yule binti hajasoma, alinijia shuleni amebeba mfuko wa dagaa akaniambia mwalimu mimi nitamsaidiaje na sijui hata A. Nikamwambia wakati mnaanika mwambie akusimulie walichosoma leo, na akikwambia kitu hukielewi mwulize kwanini mpaka akueleweshe, usimwonee huruma. Anafanya. Mtoto sasa hivi yupo la tano, juzi kwenye testi ya ufahamu kapata 38 kwa 50, sio wa kwanza, ila swali la kujieleza kalijaza mistari yote na nyingine kaandika pembeni.

Kwa wanaopanga ratiba, ninachoomba ni vipindi viwili kwa wiki kuanzia la tatu vya kusoma na kuongea, bila zoezi la kusahihishwa na bila alama. Viwili tu. Na walimu tufundishwe namna ya kufundisha kuelewa, tusifundishwe kila mwaka namna ya kutunga maswali ya kuelewa. Na mtoto anapofeli kabla ya kumwita dhaifu apimwe mara mbili, mara moja asome mwenyewe na mara moja asomewe. Akielewa akisomewa basi shida yake ni silabi. Asipoelewa hata akisomewa shida ni lugha au mambo ya kwenye habari yenyewe. Ni dakika tano, haihitaji mashine wala mfadhili. Mradi wa Uwezo, ule wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walizunguka majumbani kupima watoto wa miaka 7 mpaka 16 wakiwa na karatasi tu na watu wa kujitolea, kwahiyo kupima kirahisi nchi hii tunajua.

Na kwako Mhariri nina ombi. Jumamosi mna ukurasa wa michezo kurasa tatu, sina ugomvi nao, mume wangu ndio anaanzia huko. Ila naomba robo ukurasa kwa watoto, hadithi fupi ya maneno kama 200, leo ya mwaloni, wiki ijayo ya wafugaji wa Simanjiro, nyingine ya karafuu, nyingine ya chumvi ya Uvinza, ili mtoto wa ziwani amjue wa nchi kavu na wa nchi kavu amjue wa ziwani. Chini yake msiweke maswali matano, acheni mistari miwili mitupu imeandikwa "swali langu ni hili", mtoto aandike swali lake yeye. Muuza magazeti wa hapa stendi ameniahidi kunipa yaliyobaki bure ikifika jioni, na mimi ninazihitaji nakala 13 tu, moja kwa kila kikundi.

Wenu,
Mwalimu wa darasa la nne,
Ilemela, Mwanza